Mtoto wa Mbwa Nyumbani kwa Seremala

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mlinipa redio na mkaniomba hotuba. Redio niliipokea. Hotuba sikuitoa kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na nyote mlikuwa mnalitazama. Sasa nimekaa kwangu hapa Kihonda, sina wa kumwamkia asubuhi zaidi ya kuku wangu, nikaona niandike yale ambayo ningeyasema. Vyeo sitavitaja, aliyenipandisha na aliyenisahau wote wameshastaafu.

Nitaandika habari za mbwa. Tena watoto wa mbwa, wale wanaoota meno na kutafuna fanicha za watu. Najua mtacheka, maana mmesomea ng'ombe, na ng'ombe ndio waliotupa ajira. Lakini mwenye ng'ombe mgonjwa huja ofisini ametulia, anajua ng'ombe huugua. Mwenye kijibwa kilichomaliza miguu ya viti huja amevurugika. Amegombana na mkewe, amegombana na jirani, na mara nyingi ameshamtafuta mtu wa kukiua. Anapofika kwenu mkicheka, ataondoka na kufanya alichokusudia.

Nilitoka Singida nikiwa na cheti cha mifugo, katika ile miaka ya Ujamaa tulipokuwa wote ndugu, hata yule aliyekuwa na gari peke yake. Ofisi ya mjini Morogoro ilikuwa na meza mbili, darubini isiyokuwa na taa, na jokofu la mafuta ya taa ambalo siku likikataa kuwaka tulilibembeleza kama mgonjwa. Nilitarajia kupelekwa kwenye ng'ombe. Asubuhi ya kwanza nikapewa aproni na nikaambiwa nikae karibu na Mzee Mkude.

Mzee Mkude alikuwa msaidizi wa mifugo mwandamizi, Mluguru wa milimani, mtu wa buti za mpira masika na kiangazi. Mbele ya mnyama hakupandisha sauti hata siku moja. Sauti yake aliwawekea madereva. Mteja wetu wa kwanza siku ile alikuwa mama mmoja wa Kilakala. Alileta kapu lenye kijibwa, na chini ya kwapa alikuwa na mto wa kochi uliochanwa, kama shahidi anayepelekwa mahakamani. Akaeleza kwa kirefu jinsi mbwa yule alivyo na roho mbaya.

Mzee Mkude alinawa mikono, akampakata mbwa, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba na kuniita nitazame. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mahali pake palikuwa na vichwa vyeupe vya meno mapya. Akamweleza yule mama kwamba mbwa hubadilisha meno kama mtoto wa binadamu, isipokuwa huanza akiwa na miezi mitatu au minne na kumaliza kwenye mwezi wa sita au wa saba. Katika miezi hiyo fizi zinamwasha mchana na usiku. Lazima atafune. Lililobaki kwa mwenye nyumba ni kuchagua atafune nini.

Mama alipoondoka, Mzee Mkude aliniambia jambo ambalo nimelitumia mpaka siku mliyonipa redio. "Usimuulize mwenye mbwa kile mbwa wake alichofanya," alisema. "Hilo atakwambia bila kuulizwa. Muulize mbwa anashinda wapi, na anashinda na nani."

Mwaka ule nilijifunza zaidi kwa makosa ya watu kuliko kwa cheti changu. Karani mmoja alipaka oili chafu ya gari kwenye miguu ya meza yake, kama tunavyopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Kijibwa kikairamba. Tulikihangaikia tangu asubuhi, na alasiri kikafa mikononi mwangu. Mwingine alipaka pilipili. Mbwa wake akajifikicha macho mpaka yakafura, na mguu wa kiti akaendelea nao. Wapo waliotoa mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo ikivunjika inakuwa sindano tumboni. Na wengi walipiga. Mbwa anayepigwa haachi kutafuna. Anaacha kutafuna ukiwepo.

Sasa niwape kisa chenyewe. Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Nilipangiwa kuchanja kuku dhidi ya mdondo katika vitongoji vya juu ya Mgeta. Landrova ilikuwa inasubiri kipuri, na kipuri kilikuwa kinasubiri fedha za kigeni, kwa hiyo nilipanda kwa miguu kutoka barabara ilipoishia, chanjo nikiibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Mimi mtu wa tambarare, mlima ule ulinifundisha adabu. Kina mama wenye vikapu vya kabichi kichwani walikuwa wananipita wakishuka na tena wakipanda, wananipa pole mara mbili.

Balozi wa nyumba kumi alinipangia kulala kwa Bi Sesilia, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mashamba mazuri ya mahindi na maharage kwenye mteremko chini ya msitu. Watu wa kule waliniita "bwana mifugo" ingawa walikuwa wananiona nimevaa gauni. Cheo kilikuwa na jinsia yake na mimi nilikuwa na yangu, nikaitikia hivyo hivyo miaka yote.

Nilimwamkia Bi Sesilia shikamoo, akaitikia, na kabla sijatua mfuko akaniuliza kama najua habari za mbwa. Nikasema najua. Akafungua mlango wa banda la kuni na kunionyesha mtoto wa mbwa. Alikuwa dume la rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine bado, amefungwa kamba fupi. Aliitwa Randa. Jina la kifaa cha kulainishia mbao kwa kijibwa kinachotafuna. Niliona jina lenyewe lilikuwa onyo.

Bi Sesilia aliniketisha jikoni akanieleza. Mwaka uliopita mbwa wao mkubwa aliuawa na nguruwe pori, na baada ya hapo ngedere walishuka msituni wakala mahindi yake karibu yote. Kiangazi kile wenyewe nyumbani walikula magimbi ya kuomba kwa ndugu. Mumewe, Mzee Lukasi, akaenda mwenyewe kitongoji cha mbali kutafuta mtoto wa mbwa, akamleta ndani ya koti. Mzee Lukasi alikuwa seremala. Kijiji kilimpa karakana na kazi ya kutengeneza madawati ya shule, na saa zake mwenyewe alikuwa anatengeneza kitanda kidogo chenye kingo, kwa ajili ya mtoto wa Agnesi. Agnesi ndiye binti yao pekee. Alikuwa ameolewa Matombo, alishapoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, naye alikuwa anakuja kujifungulia kwa mama yake.

Kijibwa kilipoanza kuota meno kilianza na kigoda, kikaenda kwenye mguu wa meza, kikaguguna besela, yaani mbao za kitanda cha wenyewe. Watu wakanung'unika, wakasogeza vitu. Halafu siku moja mchana Mzee Lukasi alikuta kitanda cha mjukuu kimelala ubavu, mguu mmoja umeliwa hadi nusu, na Randa amelala kando na vumbi la mbao mdomoni. Akaenda kuchukua panga. Bi Sesilia akasimama mlangoni. Alimwambia kwamba kitanda kinaweza kutengenezwa kingine, lakini mahindi yakiliwa tena Agnesi atazaa katika nyumba isiyokuwa na unga. Mzee Lukasi akasema, basi achague, mbwa au yeye.

Sasa mjue kwamba kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Nyumba ile ilisimama kwenye shamba la mama yake Bi Sesilia, na yeye akamkumbusha mumewe hivyo, na akaongeza kwamba mlango ni mpana. Alinisimulia maneno hayo huku anachambua maharage, na nilimwona anayajutia. Mzee Lukasi alichukua blanketi lake akahamia karakana. Tangu hapo walikuwa wanapelekeana salamu kwa jirani.

"Mwanangu," alinimalizia, "huyu mbwa akipona ugonjwa huu, mume wangu atarudi. Asipopona sijui."

Kwanza nilimpima kama inavyopasa, kwa sababu alikuwa anatoka udenda, na watu wa kitongoji walishaanza kunong'ona kuhusu kichaa cha mbwa. Msiruke hatua hii hata mkiwa na hakika. Niliuliza kama ameumwa na mbwa au mnyama wa porini, nikamwekea maji nikamwona anakunywa na kumeza vizuri, nikamwangalia anavyotembea. Halafu nikaingiza kidole gumba kama nilivyofundishwa. Chonge moja ya utotoni ilikuwa inacheza, na fizi ziliwaka. Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa na njaa kidogo, na alikuwa mpweke sana.

Nikaenda karakana. Mzee Lukasi alikuwa mtu mrefu mwenye mvi fupi, mzee wa kanisa, wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kupiga randa, akaniuliza kama nimetumwa. Nikasema nimekuja kwa habari za mbwa. Akasema mbwa yuko kwa mwenyewe.

Nilikaa kwenye ubao nikatazama sakafu. Ilijaa maranda na vipande vya mbao vilivyokatwa, baadhi yake ukubwa wa kiganja. Nikakumbuka swali la Mzee Mkude, nikamuuliza mbwa alikuwa anashinda wapi alipokuwa mdogo kabisa.

"Hapa," alisema. "Chini ya hili benchi. Nyumbani kulikuwa na baridi, na mwenzangu anashinda shamba."

"Na alikuwa anacheza na nini?"

Mkono wake ukasimama juu ya ubao. Alitazama vile vipande pale chini.

"Nilikuwa namtupia hivi," alisema. "Alikuwa anafurahi. Anavikimbilia, anavirudisha, anakaa hapa mguuni kwangu anaviguguna."

"Mti gani, Mzee?"

"Mkangazi."

"Na kitanda cha mjukuu?"

Aliweka randa chini, akakaa kwenye benchi, akafuta uso kwa kiganja. "Mkangazi huo huo," alisema. "Kwa hiyo ni mimi."

Nilimwambia kwamba ni yeye na meno, na kwamba meno yataisha yenyewe, kwa hiyo tumshughulikie yeye. Nilikuwa kijana, na baada ya kulisema hilo niliogopa. Lakini aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kipimo sahihi cha ubao.

Kazi tuliyoifanya ni hii, na mtaona haina dawa ya dukani. Vipande vya mbao vyote vilifagiwa, vikawa kuni. Mbwa hawezi kutofautisha mkangazi wake na mkangazi wa kitanda, na haifai kumtegea mtihani huo. Mgeta ni nchi ya karoti, basi Bi Sesilia alichagua zile nene, nikazifunga kwenye kikapu na kuzilaza kwenye kijito. Maji ya kule yanatoka msituni yakiwa baridi kuliko jokofu letu la mjini. Karoti baridi hutuliza fizi, na kipande kikimezwa hakidhuru. Tulifunga kitenge kikuukuu mafundo makubwa, nacho tukakilowesha kijitoni. Tulipata pia ukanda wa ngozi ya ng'ombe iliyokauka, mpana, usiomezeka, nao akapewa wakati mtu yupo tu. Kamba ya katani nilikataa, ingawa Morogoro imejaa katani. Nyuzi zake humezwa zikajisokota tumboni.

Kwa fanicha nilikuwa na majani makavu ya mwarobaini kwenye mfuko wangu, kutoka kwenye mti wa nyuma ya ofisi. Tuliyachemsha mpaka maji yakawa meusi, tukapaka miguu ya meza, vigoda na kitanda. Bi Sesilia alipoyaonja aliniambia hayo ndiyo aliyojipaka kifuani kumwachisha Agnesi ziwa. Nikamwambia kazi ni ile ile. Ila mwarobaini peke yake hautoshi. Humwambia mbwa asitafune hapa, haumwambii atafune wapi. Na unapakwa upya kila siku chache, kwa sababu uchungu hufifia.

Sehemu ngumu ilikuwa ya tatu. Nilitaka Mzee Lukasi mwenyewe ndiye abadilishane na mbwa. Akimkuta na kitu kisicho chake asipige kelele wala kumkimbiza, ampe karoti, achukue kile kitu, amsifu. Aliniuliza, taratibu kabisa, kama namwambia ambembeleze mbwa aliyekula kitanda cha mjukuu wake. Nikamwambia ndiyo. Akasema atafikiri.

Nilikwenda vitongoji vya mbele kuchanja kuku wangu. Niliporudi nilikuta mambo yamenyooka nusu na yameharibika nusu. Kwa Bi Sesilia mbwa alikuwa amebadilika; alikuwa anashinda naye shamba, anachimba, anafukuza panzi, jioni amechoka hana hamu na meza ya mtu. Lakini siku moja alitoroka akaenda karakana, akashika mguu wa dawati la shule. Mzee Lukasi alimpigia kelele za mtu aliyekusanya hasira kwa muda mrefu. Tangu hapo Randa kila alipomwona alijikunyata na kukojoa. Mzee alinieleza hayo bila kujitetea. Nilichokiona usoni kwake hakikuwa hasira tena. Alikuwa ameumia. Mbwa aliyemleta kwa joto la kifua chake alikuwa anamwogopa.

Nikamwambia akae chini. Alidhani nasema akae kwenye benchi. Nikamwambia chini, sakafuni, amgeuzie mbwa ubavu, asimtazame machoni, aweke karoti mbali kidogo na goti lake, asubiri. Mzee wa kanisa, seremala wa kijiji, akakunja miguu yake mirefu akakaa kwenye vumbi. Nilimshika Randa kamba mlangoni nikaiachia. Bi Sesilia alikuwa amenifuata, akasimama nyuma yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kufika karakana tangu ule ugomvi.

Mbwa alizunguka chumba kizima kwa kupitia ukutani. Alirudi mlangoni, akaenda tena. Mzee Lukasi alikaa pale pale kama yuko kanisani. Mwishowe Randa alinyoosha shingo akavuta karoti, akaenda nayo pembeni, akaimaliza. Mzee akaweka nyingine, karibu zaidi. Ya tatu mbwa aliilia pale pale, mgongo wake umegusa goti la mzee. Mzee akamwekea mkono mgongoni, taratibu.

"Chakula kipo," alisema Bi Sesilia nyuma yangu, na akaondoka.

Sikujua alikuwa anamwambia nani kati yetu watatu. Mzee Lukasi alijua. Alisimama, akajipangusa vumbi, akakunja blanketi lake. Jioni ile tulikula ugali na maharage katika nyumba ya mama yake Bi Sesilia, mimi nikizungumza peke yangu habari za mdondo, na hakuna aliyenisikiliza. Nilishuka kesho yake.

Vijana, kazi yetu ina tabia moja mbaya: tunatibu, tunashuka, hatujui mwisho wake. Ule nilibahatika kuujua. Nilipandishwa tena kule mahindi yakiwa yamekomaa. Nilipopita chini ya shamba la Bi Sesilia nikasikia kelele juu, nikasimama. Ngedere walikuwa wametoka msituni kwa mstari, na mbwa wa rangi ya udongo, masikio yote mawili yamesimama, alikuwa anawarudisha. Hakumgusa hata mmoja. Alikimbia ukingo mzima wa shamba akibweka kwa sauti nzito ya mbwa aliyekomaa, wakapanda miti wakatukana, wakaondoka. Mahindi yalikuwa yamesimama yote. Bi Sesilia alinipungia jembe kutoka juu. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto kwa kanga, mtoto wa kike wa Agnesi, na alinyanyua ncha ya kanga kidogo ili nione kichwa.

Nikamuuliza kwa sauti Mzee yuko wapi. Akanyoosha jembe kuelekea njia ya shuleni.

Nilikutana naye kwenye kona ya mgomba, anashuka haraka kwa umri wake, amevaa koti lake zuri. Nikamwamkia. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa umejaa karoti, mwingine ulikuwa na chupa yenye maji meusi. Aliniambia mwalimu mkuu amepata mtoto wa mbwa aliyeanza kula milango ya makabati ya shule, na wameshaanza kuzungumza habari za panga.

Nikamwambia anisubiri nitue mfuko, nimsindikize, hiyo ndiyo kazi yangu.

Mzee Lukasi alinitazama kwa upole, kama tunavyomtazama mtu anayetaka kusaidia asipohitajika.

"Wewe nenda kwenye kuku wako, binti," alisema. "Huyu nitamwona mwenyewe. Nataka kwanza nimuulize mwalimu mbwa anashinda wapi."